Sura ya Saba: Maziwa ya Mtu Mmoja

Mzee Metito alikaribishwa kiti, hakukaa. Alisimama mbele ya meza ya Sajini Mwanaisha Mhina, fimbo mkononi, akilitazama jalada la kahawia lililofungwa uzi kama mtu anayemtazama ng'ombe wake ndani ya zizi la jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nina swali moja. Ukinijibu, naondoka."

"Uliza, mzee wangu."

"Yale maziwa aliyokunywa Sankale, alikunywa na nani?"

Mwanaisha alijua anaulizwa maziwa gani. Handeni nzima ilijua. Mwishoni mwa Juni, mkulima mmoja wa nje kidogo ya Kabuku, Mzee Hussein, alikutwa amelala katikati ya mahindi yake, kichwa kimepasuliwa. Kando yake palikuwa na rungu la Sankale, kijana wa Kimasai ambaye siku mbili kabla aligombana naye kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani. Tangu hapo watu walilisimulia tukio kwa maneno yale yale: kwamba muuaji alimaliza kazi yake, akaketi juu ya gogo mwisho wa shamba, akanywa maziwa kwenye kibuyu, taratibu, kama mtu aliyetoka kupalilia. Maneno hayo yalitolewa na shahidi, fundi pancha aitwaye Sufiani. Aliyeyaandika ni Mwanaisha. Katika ripoti yake aliyaweka mwishoni kabisa, maana alikuwa amefundishwa kwamba msikilizaji huondoka na kile alichokisikia mwisho.

"Alikuwa peke yake, mzee. Shahidi alimwona peke yake."

Metito alicheka kicheko kikavu. "Basi si yeye."

"Kwa nini?"

"Mtoto wa ndugu yangu ni morani. Morani hanywi maziwa peke yake. Hata awe na kiu ya kufa, atamngoja wa rika lake, wanywe wote. Inaanza siku anapotahiriwa mpaka siku wazee tunapomfungulia. Sankale bado hatujamfungulia."

"Lakini mzee, vijana wa siku hizi..."

"Wa siku hizi wana simu, wana pikipiki, wengine wako Dar es Salaam wanasuka wanawake nywele. Sikatai. Huyu wetu hata Tanga mjini hajafika." Mzee aligeuka. Alipofika mlangoni akasimama. "Unaandika vizuri sana, Sajini. Mama yake, Nalangu, aliposimuliwa maneno yako alilia. Akaniuliza, 'Kweli mwanangu alikunywa?' Hakuuliza kama aliua. Aliuliza kama alikunywa."

Akaenda zake. Mwanaisha akabaki na jalada. Ilikuwa Jumatano. Kesho saa nne asubuhi jalada lile lingepelekwa kwa wakili wa serikali, na likishafika huko, Sankale, ambaye miezi mitatu sasa yuko mahabusu kwa kosa lisilo na dhamana, angekuwa hana mlango wa kutokea.

*

Mkuu wake wa upelelezi, Mkaguzi Adamu, alikuwa anakula muhogo wa kuchoma juu ya gazeti.

"Mila," alisema baada ya kumsikiliza. "Unataka nimwambie wakili wa serikali kesi imekwama kwa mila ya maziwa?"

"Nataka siku tatu, afande."

"Na rungu?"

"Sankale alisema lilimpotea mnadani, wiki iliyotangulia."

Adamu alijifuta vidole, akasema kwa kichwa, bila kufungua karatasi yoyote: "'Kila mtu hupoteza kitu, lakini hukitafuta. Asiyekitafuta anajua kiliko.' Nani aliandika hayo?"

"Mimi, afande."

"Ndiyo. Wewe."

Mwanaisha hakuwahi kumuuliza Sankale kama alilitafuta rungu lake. Sentensi ilikuja nzuri mno, swali likaachwa nyuma.

"Nina miaka ishirini na sita kazini," Adamu alisema, "sijasoma ripoti kama ile. Nimeituma mkoani iwe mfano. Cheo chako kiko njiani, na unajua. Sasa unakuja kuniambia nisiiamini? Haya, nishawishi. Lakini nakuonya, Sajini, unapambana na maneno yako mwenyewe, na mimi nilishayasoma."

"Na nikileta kitu, afande? Si mila. Kitu."

"Kilete. Mpaka kesho saa nne jalada ni lako."

*

Alichukua pikipiki ya kituo. Alipofika Kabuku hakwenda kwa shahidi. Alikwenda kwenye gogo.

Shamba la Mzee Hussein lilikuwa limevunwa, lakini mabua yalikuwa bado yamesimama. Miaka mingine, mavuno yakiisha, wafugaji huingiza ng'ombe kwa makubaliano na mabua huliwa yakaisha. Mwaka huu hakuna mfugaji aliyethubutu kukanyaga pale. Mabua yalibaki, makavu, yakichakarika kila upepo ulipopita.

Mwanaisha alikumbuka mchoro wake wa eneo la tukio. Alikuwa amepima kutoka kwenye mwili hadi kwenye gogo, hatua arobaini na moja, na kutoka kwenye mwili hadi barabarani, hatua mia mbili na kumi. Alikuwa ameandika rangi ya udongo. Kitu kimoja hakuwahi kukifanya: hakuwahi kuketi juu ya gogo lile.

Akaketi.

Mbele yake palikuwa na mabua. Kulia mabua. Kushoto mabua. Barabara kuu aliisikia, malori yakivuta kuelekea Segera, lakini hakuona hata gurudumu. Banda la Sufiani, ambako shahidi alisema alikuwa amesimama, lilikuwa upande huohuo wa barabara, juu ya tuta. Aliinuka, akanyoosha mkono juu. Ncha za vidole vyake tu ndizo zilizopita mabua. Na Juni mahindi yalikuwa mabichi, na majani yake yote.

Alijiona kama aliyefungiwa chumbani kwake kwa kufuli alilolinunua mwenyewe.

*

"Karibu, afande! Tairi la mbele limelegea hilo, nakuona tangu mbali."

Sufiani alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mikono myeusi kwa mafuta, mchangamfu. Tangu kesi ianze alikuwa amepata umaarufu. Wateja walikuja na tairi zima ilimradi wasimuliwe.

"Nisimulie tena ulichoona," Mwanaisha alisema.

Sufiani alikohoa, akasimama wima. "Nilikuwa hapa, asubuhi, saa moja na nusu. Nikatupa macho kule shambani. Nikamwona Sankale ameketi juu ya gogo, peke yake. Mkononi..." Alinyamaza kidogo. "Hapa huwa nanyamaza kidogo, afande, watu wanapenda. Mkononi ana kibuyu cha shanga. Anakunywa maziwa, taratibu, kama mtu aliyetoka kupalilia."

"Cha shanga? Shanga sikuandika."

"Shanga nimeongeza mimi."

"Sufiani, simama palepale. Nionyeshe gogo."

Aliinua mkono, akaelekeza shambani. Mkono ukabaki hewani.

"Unaliona?"

"Siku ile..."

"Siku ile mahindi yalikuwa marefu kuliko mabua haya. Unaliona?"

Sufiani aliushusha mkono. Akachungulia kushoto na kulia kama mtu anayetafuta pa kupitia, kisha sauti yake ikashuka. "Dada, kwani yale maneno ni yangu?"

"Ya nani?"

"Mimi nilikwambia nimeona nguo nyekundu inapita kando ya mahindi. Basi. Ukaniuliza, nani? Nikasema Mmasai. Ukaniuliza, ni Sankale? Nikasema anaweza kuwa yeye. Ukaniambia, 'Anaweza kuwa haiandikwi.' Nikasema ni yeye. Ukaniuliza, alikaa mahali? Nikaona umenikazia macho, nikasema alikaa. Alikaa anafanya nini, anavuta, anakula, anakunywa? Nikasema anakunywa. Anakunywa nini? Sasa afande, Mmasai ningesema anakunywa nini, soda?"

Mtu aliyekuwa anangojea baiskeli yake akacheka. Mwanaisha hakucheka.

"Kwa nini ulitia sahihi?"

"Kwa sababu uliponisomea, niliona." Sufiani alisema hayo bila mzaha, na hilo ndilo lililomtisha Mwanaisha kuliko yote. "Wallahi naapa, niliona kabisa. Gogo, kibuyu, yeye. Nikajiambia, kumbe niliona, nilisahau tu. Mpaka leo nikifumba macho namwona."

Mwanaisha alitoa fomu ya maelezo kwenye mkoba. "Rudia hayo uliyoniambia sasa hivi. Neno kwa neno. Nitayaandika yalivyo."

"Hapana."

"Sufiani."

"Hapana, dada yangu. Nikitia sahihi hii, ile ya kwanza inanifunga. Nina watoto wanne. Sikusema kitu leo. Umekuja kujaza upepo." Akachukua pampu, akainama kwenye tairi la mbele la pikipiki, na hakuinua uso tena mpaka Mwanaisha alipoondoka.

*

Kutoka Kabuku angeweza kurudi Handeni kupitia Mkata. Alishika njia ya Segera akaenda Korogwe.

Mwaka uliopita alikuwa akifanya kazi huko, na jioni tatu kwa wiki, kwa miezi sita, alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Fabiani, mzee mstaafu aliyefundisha watu wazima kuzungumza kwa ufasaha katika chumba cha kukodi karibu na stesheni ya zamani. Mwanaisha hakwenda kwa kujifurahisha. Alikwenda baada ya wezi watatu wa mifugo kutoka mahakamani wakicheka, si kwa kuwa hawakuiba, bali kwa kuwa yeye, aliyeujua ukweli wote, alisimama kizimbani akababaika mpaka hakimu akapiga miayo. Aliapa haitatokea tena. Na kweli haikutokea.

Alimkuta Mwalimu anafuta ubao. Wanafunzi walikuwa wanatoka: mchungaji mmoja, mwenye duka la dawa, mama mmoja aliyetaka udiwani. Ubaoni yalibaki maneno mawili, kanuni yake kuhusu msikilizaji: MPE KUONA.

"Sajini wangu!" Fabiani alisema. "Mwanafunzi ninayemtolea mfano. Kaa."

Mwanaisha alikaa, akamweleza yote, tangu kwa Mzee Metito mpaka kwenye pampu. Mwisho akasema, "Afande wangu anaamini ripoti. Nifundishe namna ya kuishinda kabla ya kesho saa nne."

Fabiani alitabasamu. Alikulia misheni ya Lutindi, na alikuwa na tabia ya kuzungumza kwa vidole, akihesabu. "Rahisi. Watu hawaachi hadithi mpaka uwape nyingine. Usimwambie afande Sankale hakuua. Mwambie Sufiani aliua."

"Mwalimu!"

"Sikiliza kwanza. Nani alikuwa karibu na shamba asubuhi ile, kwa kinywa chake mwenyewe? Sufiani. Nani aliona kitu kisichoweza kuonekana kutoka barabarani? Sufiani. Sasa jiulize: mtu anawezaje kuyajua mambo ya kwenye gogo bila kufika kwenye gogo? Na leo, ulipombana, alikataa nini? Kutia sahihi. Mtu asiye na hatia huogopa karatasi? Kisha malizia na mikono yake. Myeusi, afande. Anaiosha kila jioni, na kila asubuhi ni myeusi."

Mwanaisha aliiona ile mikono. Aliona rungu ndani yake. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, na hakikuchukua hata dakika tano.

"Mwalimu," alisema polepole, "Sufiani amemuua Mzee Hussein?"

"Nitajuaje? Sijawahi kumwona."

"Lakini nimeamini."

"Ndiyo kazi yangu."

"Nimeamini kama nilivyoamini maziwa." Alisimama. "Nikienda na hayo, Sankale atatoka na Sufiani ataingia. Ana watoto wanne. Na mimi nitapandishwa cheo mara mbili."

Fabiani aliweka chaki chini.

"Miezi sita ulitufundisha kusema," Mwanaisha aliendelea. "Mbona hukutufundisha kutafuta?"

Mzee alipojibu, hakutumia vidole. "Nilidhani mtu anakuja kwangu akiwa amekwisha kuupata ukweli, amekosa mdomo tu. Kama wewe na wale wezi wako. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote, miaka kumi na mmoja hii, kama amekuja na kitu mkononi." Akamtazama. "Sasa utamwambia nini afande?"

"Nilichouliza, nilichojibiwa, na nilichokiona nilipokaa juu ya gogo."

"Na akikuuliza nani aliua?"

"Sijui."

"Sijui haimshawishi mtu, Mwanaisha."

"Ndiyo, Mwalimu. Nimekuwa mwanafunzi wako, najua."

Adhana ya magharibi ilimkuta uani. Mwalimu, Mkristo, alimletea maji na mkeka bila kuulizwa, akarudi ndani. Alipomaliza kuswali, Mwanaisha aliinua mikono aombe dua, akajikuta anapanga sentensi, ipi itangulie, ipi imalizie. Akanyamaza. Anayeombwa aliyaona mahindi yale yote asubuhi ile, kila jani. Hakuwa wa kushawishiwa. Mwisho akasema tu, "Mola wangu, nimekosea," akakunja mkeka.

*

Alhamisi saa moja asubuhi alichukua fomu ya maelezo ya shahidi, ileile anayowajazia wengine, na penye jina akaandika la kwake. Hakutafuta mwanzo. Aliandika kwamba shahidi Sufiani alisema ameona nguo nyekundu ikipita kando ya mahindi. Kwamba jina la Sankale lilitajwa kwanza na yeye, mpelelezi. Aliandika maswali yake moja baada ya jingine, na kila jibu chini ya swali lake. Kwamba mtu aliyeketi kwenye gogo haonekani kutoka kwenye banda. Kwamba mtuhumiwa hakuulizwa kama alilitafuta rungu, na haijathibitishwa rungu lilifikaje shambani. Kwamba jana shahidi alikataa kurudia maelezo kwa maandishi.

Mwishoni kalamu ikateleza yenyewe: *Maziwa yale niliyamimina mimi.*

Aliisoma. Ilikuwa nzuri. Mtu angeondoka nayo. Akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na kama utaratibu unavyotaka, akatia sahihi ndogo kando ya mkato.

Adamu aliisoma akiwa amesimama. Akairudia akiwa amekaa.

"Haya hayamshawishi mtu."

"Ndiyo, afande."

"Hapa umekata nini?"

"Sentensi nzuri."

Adamu alitazama saa ya ukutani: saa tatu na dakika ishirini. Nje, dereva wa kupeleka majalada alikuwa ameshawasha gari.

"Unajua unachofanya? Ukishakuwa shahidi kwenye jalada, wewe si mpelelezi wake tena. Wakili yeyote atakuchanachana. Cheo kisahau. Na hujanipa muuaji."

"Sina, afande."

"Na Sankale hatoki leo. Wala wiki hii. Labda wala mwezi huu."

"Najua."

"Ningeweza kuichana hii."

"Unaweza, afande. Nitaandika nyingine. Haina maneno magumu, nimeshaikariri."

Adamu alifungua uzi wa jalada. Alipekua kurasa mpaka ya mwisho, ya ishirini na mbili, akaichomeka karatasi ile nyuma yake, na kwenye kona ya juu akaandika kwa wino mwekundu: 23. Kisha akafungua dirisha, akamwambia dereva azime gari.

"Kabidhi pikipiki; jalada linabaki kwangu. Ukakae nje kwenye benchi, usiondoke kituoni. Nikimaliza kuongea na mkoa, nitakuita. Sijui watasema nini."

Benchi la nje ndilo wanalokalishwa watuhumiwa kabla ya kuandikishwa. Ni fupi, limebanwa kati ya ukuta na nondo za kaunta, na aliyekaa hapo hana pa kunyooshea miguu. Sankale alikaa hapo kwa muda wa saa sita, siku ile ya Juni, huku Mwanaisha akiwa ndani anatafuta neno la kumalizia.

Mzee Metito alikuwa amekaa mwisho wa benchi hilo, fimbo kati ya magoti.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, mzee."

"Wamekuamini?"

"Hawajasema."

"Kijana wangu anatoka?"

"Si leo."

Mzee aliyapima majibu hayo, moja moja. "Na Hussein? Unajua aliyemuua?"

Sentensi tatu zilimjia Mwanaisha kwa mara moja, zote nzuri. Aliziacha zipite.

"Sijui, mzee."

Metito alilikusanya blanketi lake, akasogea mpaka bega lake likagusa ukuta, ili Mwanaisha naye apate pa kukaa.